Kwa nini mtoto wako wa P1 anafundishwa kusoma kwa Kiingereza, na wewe unaweza kufanya nini

Ikiwa umetoka Kongo au Burundi na unaishi Kigali, huenda umeshaona daftari la mtoto wako wa darasa la kwanza na kushangaa. Hesabu ni kwa Kiingereza, sayansi ni kwa Kiingereza, na Kinyarwanda ni somo moja kati ya mengine. Mtoto anakariri sentensi nzima kwa sauti nzuri, lakini ukimwonyesha neno moja peke yake hawezi kulisoma. Wazazi wengi wanakasirika na kwenda kumlaumu mwalimu. Kabla hujaenda, ni vizuri ujue uamuzi huu ulitoka wapi.

Lugha ya kufundishia haichaguliwi na shule, wala na wilaya ya Gasabo, Kicukiro au Nyarugenge. Inaamuliwa na serikali. Mtaala na vitabu viko chini ya Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda, inayojulikana kama REB. Mkuu wa shule ya serikali hawezi kukubadilishia, hata kama anakubaliana nawe.

Na uamuzi wenyewe umebadilika mara kadhaa. Baada ya 1994 shule zilitumia Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu familia zilikuwa zinarudi kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza, wakati walimu wengi walikuwa wamesomea Kifaransa. Rwanda ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kilionekana kuwa mlango wa biashara. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kwa P1 hadi P3. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza tena Kiingereza kuanzia P1. Moja ya hoja ilikuwa kwamba mtoto alipata taabu kubwa alipofika P4 na kukuta kila kitu kimegeuka ghafla, huku wenzake wa shule za binafsi wakiwa wamezoea Kiingereza tangu mwanzo.

Hoja hiyo ina uzito. Mtihani wa taifa wa P6 unafanywa kwa Kiingereza, isipokuwa katika masomo ya lugha nyingine. Lakini malalamiko ya wazazi nayo yana msingi. Mtoto hujifunza kusoma upesi zaidi katika lugha anayoielewa anapoisikia; UNESCO ilishauri hivyo tangu 1953. Tanzania hufundisha shule zake za msingi za serikali kwa Kiswahili, na Uganda ilianzisha mwaka 2007 mtaala wa lugha za kienyeji kwa madarasa matatu ya mwanzo. Kwa maoni yetu, mtoto wa mkimbizi ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi. Mnyarwanda anaongeza lugha moja darasani. Mtoto aliyekulia Uvira au Bukavu anaongeza mbili kwa wakati mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini si lugha ya kufundishia katika shule ya msingi.

Ugumu unaonekana hata kwenye herufi. Katika Kinyarwanda, c husomwa kama ch yetu. Mtoto aliyezoea hivyo akikutana na neno la Kiingereza "cake", atasoma "chake", na kwa sheria aliyofundishwa hajakosea. Mtoto wa Kirundi ana afadhali kwa kuwa lugha hizo mbili zinasikilizana, ingawa tahajia zinatofautiana: yeye ameona "cane", hapa wanaandika "cyane". Anayetoka kwenye Kiswahili, ambako neno hutamkwa kama lilivyoandikwa, atakwama kwenye "imbwa" na "umwana".

Sasa, fanya jaribio dogo nyumbani. Fungua kitabu chake, usianze mwanzo wa ukurasa. Anza katikati, na ufunike picha. Akishindwa, amekariri tu. Akisoma vizuri, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Akishindwa hapo, shida yake si herufi, ni maana ya maneno. Hizo ni shida mbili tofauti na mwalimu atakusaidia zaidi ukimwambia ni ipi.

Usiache kumfundisha kusoma kwa Kiswahili nyumbani kwa kuogopa kumchanganya. Akishajua kuunganisha sauti katika lugha moja, ujuzi huo anauhamishia kwenye nyingine. Dakika chache kila jioni zinatosha. Kama wewe mwenyewe hujui kusoma, mwambie asome huku unamsikiliza, kisha muulize habari ile ni ya nini. Vitabu vya REB vipo bure kwenye tovuti yake ya kujifunzia, na Maktaba ya Umma ya Kigali iko Kacyiru.

Shuleni, omba mambo ambayo shule ina uwezo nayo: mtoto apimwe kabla ya kurudishwa darasa la chini, aruhusiwe kuja na kitabu nyumbani, akae karibu na mwenzake anayejua Kiswahili. Ongea kwanza na mwalimu, halafu mkuu wa shule. Usiporidhika, nenda kwa afisa wa elimu wa umurenge wako, kisha wa wilaya. Kuhusu sera yenyewe, mahali pa kusemea ni mkutano mkuu wa wazazi, na mzazi mkimbizi ana haki ya kuhudhuria kama mwingine yeyote. Nenda na mkalimani ikiwa Kinyarwanda kinakusumbua.

Wengine hufikiria kumhamishia mtoto shule ya binafsi. Uliza kwanza wanafundisha kwa lugha gani. Mara nyingi ni Kiingereza, na pengine Kifaransa, kwa hiyo unaweza kulipa karo na kukuta tatizo ni lile lile.