Fomu Ndani ya Fomu

Shule inapoandikisha watahiniwa 40 kwa intaneti, ukurasa mmoja huweza kubeba taarifa za shule na, chini yake, safu ya kila mtahiniwa. Huo ndio mfano wa fomu ndani ya fomu. Hata hivyo, kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, haziruhusu fomu kuwekwa ndani ya nyingine. Kwa hakika fomu ni moja. Majina ya sehemu zake za kujazia ndiyo yanayoonyesha kila taarifa ni ya nani.

Ruby on Rails ni mfumo wa kuundia programu za intaneti uliotolewa mwaka 2004. Toleo lake la 2.3, la mwaka 2009, liliuongezea uwezo wa kushughulikia fomu za namna hii. Safu za watahiniwa hupewa namba kuanzia 0, ili taarifa zao zisichanganyike.

Je, mtahiniwa wa 37 akikosa jina? Kama kila safu ingehifadhiwa peke yake, watahiniwa 39 wangeandikishwa na mmoja angeachwa, pengine bila mwalimu kutambua. Kwa hiyo Rails huhakiki shule na watahiniwa wote kwanza, kwa masharti aliyoyaweka mwandishi wa programu. Kosa moja likionekana, hakihifadhiwi chochote. Mwalimu huweza kurudishiwa fomu yake, kosa likiwa limeonyeshwa.

Uhakiki huo hufanyika kwenye seva. Ule wa kwenye kompyuta ya mtumiaji huharakisha kazi, lakini huweza kukwepwa. Hivyo haufai kutegemewa peke yake.