Mafumbo ya Hesabu: Kusoma Kwanza, Kalamu Baadaye

Wazazi wengi wamekwisha kuliona jambo hili. Kijana wa darasa la sita hufanya kuzidisha na kugawanya bila ya taabu, lakini akikutana na fumbo la mistari mitatu hushika kalamu na kuuliza: "Baba, nijumlishe au nitoe?" Swali hilo laonyesha kwamba hakusoma, ametafuta namba tu.

Wala si watoto wetu peke yao. Yapata mwaka 1980, watafiti wa ufundishaji wa hesabu wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule za msingi swali hili: melini mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri wa miaka mingapi? Wengi walilijibu, na miaka 36 ikatajwa bila ya wasiwasi. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kwamba kila swali la shule lina jibu, na kila namba sharti itumike.

Wako wakubwa wanaodhani kuwa dawa ni kumkaririsha mtoto maneno: "zaidi" ni kujumlisha, "kubaki" ni kutoa. Kwa maoni yetu dawa hiyo yaweza kuuzidisha ugonjwa. Juma ana machungwa 12, nayo ni 5 zaidi ya yale ya Asha. Asha ana mangapi? Aliyekariri atasema 17. Aliyesoma atajiuliza kwanza nani mwenye mengi, ataona kuwa ni Juma, naye atapata 7.

Basi jioni, vyombo vikishaondolewa, mtoto na asome fumbo kwa sauti, kisha afunike daftari akueleze kisa chenyewe kwa maneno yake, bila ya kutaja namba yoyote. Nani amefanya nini? Kinatafutwa nini? Akishindwa, asome tena, usimpe jibu. (Subira hapa ni kazi kuliko hesabu yenyewe, hasa kwa mzazi aliyetoka zamu.) Halafu achore mistari miwili, mrefu wa Juma na mfupi wa Asha.

Mafumbo ya saa yana mtego wa pekee kwetu. Basi limeondoka Morogoro saa 2 asubuhi, likafika Dodoma saa 6 mchana. Safari ni ya saa 4. Kijana akiingia Kidato cha Kwanza, fumbo lile lile humjia kwa Kiingereza, na saa 2 imegeuka kuwa 8. Akichanganya, akaandika 8 ya kuondoka na 6 ya kufika, basi lake litafika kabla ya kuondoka! Usimkemee. Mwulize tu kama yawezekana.

Fumbo la leo: mama mwenye watoto 5 alinunua kilo 3 za sukari na kilo 2 za unga. Alitoa shilingi 10,000, akarudishiwa 1,200. Alitumia kiasi gani? Ni shilingi 8,800. Mwanao akikuonyesha namba zipi hazikuwa na kazi, mpe jingine gumu zaidi.