Binti Anayetafuta Jina la Ugonjwa



Wakati wa matokeo ya egizame ya Leta, katika nyumba nyingi wazazi na watoto wanakaa pamoja na kuuliza: mtoto aende kusoma nini? Binti akisema anataka kuwa munganga wa watoto, ao wa kuzalisha wamama, bibi anambariki. Lakini akisema, "Nataka nifike mpaka masta ya patolojia," nyumba inanyamaza. Kisha mjomba anauliza: "Ile si kazi ya morge? Nani ataoa msichana anayeshinda na maiti?"

Sisi walimu tunasikia maneno hayo kila mwaka, na kila mwaka tunaona binti mwenye akili akigeuzwa njia. Juma hili tunataka kueleza masomo hayo ni nini, ni marefu namna gani, na kwa nini sisi wamama, kuliko watu wengine wote, tunapaswa kuyatetea.

Patolojia ni nini

Patolojia ni elimu ya ugonjwa wenyewe: unaanzia wapi katika mwili, unaharibu nini, unaelekea wapi. Munganga wa kazi hiyo anaitwa patologisti. Mara nyingi yeye hamwoni mgonjwa uso kwa uso. Anaona kipande chake. Mama akiwa na uvimbe katika ziwa, munganga anatoa kipande kidogo kwa sindano ao kwa kisu. Hiyo ndiyo biopsi. Vidole vinaweza kusema kwamba kuna kitu. Ekografi inaweza kuonyesha ukubwa wake. Lakini kusema kwa hakika kama ni kansere ao si kansere, kunahitaji jicho la patologisti kwenye mikroskopi.

Ni kweli kwamba wanafunzi wa patolojia wanajifunza pia kufungua maiti ili kutafuta sababu ya kifo. Kazi hiyo ina heshima yake, zaidi sana pale mahakama inapotaka kujua mtu alikufa namna gani. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kila siku ni kwa ajili ya watu walio hai, wanaongoja jibu nyumbani na moyo ukiwapiga.

Safari ya kipande kidogo

Tuanze na safari ya kipande chenyewe, maana mama akiifahamu anaweza kujilinda.

Kipande kikitoka mwilini kinaanza kuoza, kama nyama yoyote. Kwa hiyo kinatiwa mara moja katika formoli, dawa inayokizuia kuoza, kwa kipimo cha sehemu 1 ya formoli ya dukani na sehemu 9 za maji. Dawa hiyo inapaswa kukizidi kipande mara 10 ao zaidi. Kipande cha ziwa kinakaa humo si chini ya saa 6, wala si zaidi ya saa 72. Kisha kinapitishwa katika alkoli ili maji yatoke, na kinafunikwa na parafini iliyoyeyushwa, ndugu ya mshumaa wetu. Parafini ikiganda, fundi wa labo anaikata kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba vya sehemu 3 mpaka 5 kati ya sehemu elfu moja za milimita moja. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko hivyo mara nyingi.

Vipande hivyo vinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Ya kwanza, hematoksilini, inatoka katika mti wa Amerika ya Kati, na inapaka kiini cha seli rangi ya buluu na zambarau. Ya pili, eosini, inapaka sehemu nyingine rangi ya waridi. Hapo patologisti anaangalia. Mama aliyezoea kuuza vitenge anatambua kwa mbali kitambaa ambacho mchoro wake umeharibika kiwandani. Ndivyo na yeye: seli nzima zimepangwa kwa utaratibu wao, na seli za kansere zimevunja mpango, viini vimekuwa vikubwa, vingine vinagawanyika ovyo.

Tumekwisha kuona mama aliyengoja majuma mengi, kisha akajibiwa: "Kipande kiliharibika, hakisomeki." Kilikuwa kimewekwa katika chupa ndogo bila dawa ya kutosha. Alipaswa kukatwa mara ya pili na kulipa mara ya pili. Hakuna patologisti, hata awe hodari namna gani, anayeweza kusoma nyama iliyooza.

Njia ya masomo

Sasa tuje kwa binti. Njia inaanza katika shule ya sekondari, katika seksio ya Biolojia-Kemia ao nyingine yenye sayansi za kutosha. Kisha fakilte ya udaktari. Hapa Bukavu peke yake ziko katika Chuo Kikuu cha Serikali (UOB), Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB) na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA). Masomo hayo yanachukua miaka 6 ao zaidi, na stazhi ndani yake. Mara nyingi daktari mpya anafanya kazi kwanza hospitalini mwaka mmoja ao miwili. Kisha ndipo anaomba kuingia katika patolojia.

Katika vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa, mwanafunzi anaingia katika masomo ya utaalamu, kama yanayotolewa Kinshasa. Katika nchi jirani zinazofundisha kwa Kiingereza, kama kule Makerere jijini Kampala, Muhimbili jijini Dar es Salaam, Nairobi na Chuo Kikuu cha Rwanda, masomo hayo yanaitwa Masta ya Tiba katika Patolojia, nayo huchukua miaka 3 ao 4. Binti anayetaka kuvuka Ruzizi ajue kwamba Kiingereza kitamhitaji mapema. Asingoje barua ya kukubaliwa ndipo aanze kutafuta kamusi.

Hesabu ni rahisi kwa mwalimu: mtoto aliyepata diploma ya Leta akiwa na miaka 18 atamaliza akiwa anakaribia 30, ao ameipita. Tunasema hivyo wazi ili asidanganywe yeye wala mzazi wake.

Lakini si lazima kila mmoja awe daktari. Labo haiwezi kufanya kazi bila fundi anayejua kukata parafini na kutia rangi. Taasisi za ufundi wa tiba, kama ISTM ya hapa Bukavu, zinafundisha kazi ya labo, na njia hiyo ni fupi na bei yake ni nafuu. Patologisti bila fundi ni kama mpishi bila moto.

Anajifunza nini siku kwa siku

Mwanafunzi wa masta ya patolojia anaanza na mambo ya jumla: namna jeraha linavyopona, namna mwili unavyopigana na vijidudu, namna seli moja inavyogeuka kuwa uvimbe. Anajifunza pia damu, vijidudu na kemia ya mwili. Kisha anasimama kwenye meza ya kupokea vipande. Anapima tumbo la uzazi lililotolewa, analiandika, analichora, anachagua mahali pa kukata. Akichagua vibaya, ugonjwa unabaki katika sehemu ambayo hakuna atakayeiangalia.

Saa nyingi anakaa na mwalimu wake kwenye mikroskopi yenye macho mawili ao zaidi, wote wakiona kioo kimoja. Mwanafunzi anasema kwanza anachokiona, mwalimu anamsahihisha. Hakuna kitabu kinachochukua nafasi ya maongezi hayo, na ndiyo sababu nchi yenye patologisti wachache inashindwa kuzaa wengine haraka. Mwishoni anaandika memwari yake, na kwenye egizame anapewa vioo asivyovijua na kuulizwa: huyu mgonjwa ana nini?

Tunapenda wazazi wasikie neno hili: kazi hii inataka tabia kuliko nguvu. Inataka mtu mwenye uvumilivu, anayeweza kuangalia kitu kimoja mara tatu, na asiyeona haya kumwita mwenzake na kusema, "Njoo uangalie pia." Katika darasa zetu, mabinti wenye tabia hiyo wako. Ni wale ambao michoro yao ya seli katika daftari ya biolojia ni safi kila mara.

Vipande vilivyofundisha dunia

Mtu asifikiri kwamba mambo haya ni ya mbali na sisi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago kule Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto wa Afrika. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa kwa ndege mpaka London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. Virusi hiyo mpaka leo ina jina la Epstein na la Barr. Na Yvonne Barr, wamama, baadaye alikwenda Australia akafundisha katika shule ya sekondari. Alikuwa mwalimu kama sisi.

Habari nyingine ni ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1960, kule Léopoldville, leo Kinshasa, mama mmoja alitolewa kipande cha tezi. Kipande hicho kilifunikwa na parafini, kikahifadhiwa. Karibu miaka 50 ilipita. Mwaka 2008 wataalamu, kati yao wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, walitangaza kwamba ndani ya kipande hicho wamekuta alama za virusi ya SIDA. Walipozilinganisha na za damu iliyotolewa katika mji uleule mwaka 1959, walikadiria kwamba virusi hiyo ilianza kuenea kati ya watu katika miaka ya 1884 mpaka 1924. Dunia yote ilijifunza kutoka kwa kipande kidogo cha mama mmoja wa Kongo, kwa sababu kuna watu waliokitunza vizuri.

Kwa nini jambo hili ni letu

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo: tangu mama anapofika na dalili za kansere ya ziwa, uchunguzi wote, pamoja na jibu la patolojia, umalizike katika siku 60. Tujiulize kwa haki: nani kati yetu anamjua mama aliyepata jibu katika siku 60? Nchi yetu ni kubwa sana, patologisti ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa. Kwa hiyo kipande kinasafiri mbali. Wakati kinasafiri, uvimbe haungoji. Na mama, akichoka kungoja, anakwenda kwa mwenye mizizi, ao anauza shamba kwa dawa ambayo si ya ugonjwa wake.

Jibu la patologisti halisemi tu "kansere". Linasema ni ya aina gani. Kuna kansere ya ziwa inayolishwa na homoni, na mama wa namna hiyo anaweza kusaidiwa na vidonge vya tamoksifeni. Kuna nyingine ambayo vidonge hivyo haviifanyi kitu. Bila jina kamili la ugonjwa, munganga anapiga mishale gizani. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mama ambaye hakuficha, aliyekwenda hospitali mapema, naye anaumbuliwa kama hakuna wa kusoma kipande chake.

Nyumbani tufanye nini

Kwanza, mama akitolewa kipande, aulize kwa heshima: kinakwenda labo gani? Kimewekwa katika formoli? Jina langu limeandikwa juu ya chupa? Nirudi tarehe gani? Jibu likija, aombe karatasi yake na kuihifadhi pamoja na karatasi za shamba na za watoto.

Pili, mzazi mwenye binti wa sayansi asimhesabie miaka kama deni. Akiolewa katikati ya masomo, familia ya mume iambiwe mapema kwamba kuna njia inayoendelea. Tumeona mabinti walioacha si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa mtu wa kumlea mtoto mchanga kwa miezi ya stazhi. Hapo bibi na shangazi wana kazi kubwa kuliko minerval.

Tatu, MUSO zetu zinakopesha kwa biashara na kwa msiba. Tuongeze sanduku la masomo marefu, hata likianza dogo. Pesa kidogo kutoka kwa wengi zinaweza kulipa kozi ya Kiingereza ao karatasi za safari.

Nne, binti anayekwenda kusoma ngambo asiondoke bila mapatano. Azungumze na hospitali itakayompokea: kutakuwa na mikroskopi? mashine ya kukata? formoli na rangi? Patologisti anayerudi na kukuta meza tupu atatafuta nchi nyingine, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Miaka 12 inaonekana mingi. Lakini itapita, binti asome ao asisome, na mwishoni mwake wamama wengine watakuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali wakingoja jibu. Maandikisho ya vyuo yanakaribia. Mwenye mtoto aliye na daftari safi ya biolojia amuulize jioni hii anapenda nini, kisha amwache amalize kusema.