Fahamu: Wimbo ukinakiliwa Bunia, nani analipwa?

Mjini Bunia, nchini Kongo (DRC), kijana mwenye kompyuta anakujazia kadi ya simu nyimbo tele kwa franka chache. Msanii aliyelipia studio hapati hata moja, na hilo linauma.

Sheria ipo. Ile ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha warithi wake kwa miaka 50. Kukusanya mirabaha ni kazi ya SOCODA, shirika la hakimiliki la Kongo, iliyoundwa mwaka 2011.

Vipi kufuli za kidijitali zinazozuia kunakili? Wimbo uliopakuliwa ndani ya programu ya muziki ya Spotify haufunguki nje ya programu hiyo. Faili la MP3 halina kizuizi: hupita simu hadi simu kwa Bluetooth, bila intaneti, bila kuacha hesabu yoyote ya kumlipa mtunzi.