Gari Kuukuu Lataka Mifupa Kwanza

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa magari ya zamani wanajua kuwa methali hiyo ni ya gereji pia.

Tutazame Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Gari hilo halina chasi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasi: mabati membamba yaliyochomewa kwa nukta moja moja. Miaka 50 ya kukata kona na kuruka mashimo huzilegeza nukta hizo, nasi watu wa pwani twajua hewa ya chumvi inavyolila bati kwa ndani, kimya kimya. Dalili yake, ukiliinua kwa jeki pembe moja, mlango wakataa kufungika sawasawa.

Vijana wengi hukimbilia injini kubwa, na hapo ndipo huumbuka. Nguvu ikizidi, bodi hujipinda, springi hushindwa na kazi, gari likakosa kushika njia. Kwanza ikwanguliwe rangi, bati bovu likatwe, kisha maungio yachomewe vipande vifupi vifupi, upande huu na ule kwa zamu, joto lisije likaipotosha bodi. Pale zinaposhikizwa shokomzoba, bati liongezwe unene.

Lakini msomaji, tahadhari. Mabomba ya chuma ndani ya gari humhifadhi dereva wa mashindano aliyevaa helmeti na kufungwa mikanda barabara. Njiani mjini, kichwa kitupu kikigonga bomba hilo, ni mauti. Kila kinga ina mahali pake.