Mizani ya Mshambuliaji Chipukizi wa Barafuni

Mshambuliaji wa nguvu katika mpira wa magongo wa barafuni ni mtu wa kazi mbili zisizopatana kwa urahisi: yampasa awe na kifua cha kuwasukuma mabeki mpaka wamwachie njia, na papo hapo awe na mkono mwepesi wa kukipenyeza kile kisahani cha mpira mgumu, ambacho uzani wake haupiti gramu 170, katika mwanya wa kiganja kimoja baina ya mguu wa mlinda mlango na mwimo wa goli. Wenye la kwanza ni wengi, na wenye la pili si haba. Waliojaaliwa yote mawili ni akali mno, na kwa sababu hiyo klabu za Kanada na Marekani huwatafuta kwa shauku tangu wangali wavulana, huwawekea thamani kubwa, na aghalabu hukosea katika kuwachagua.

Msomaji ambaye hajabahatika kuuona mchezo huu yamtosha kujua kwamba kila upande huingiza wachezaji watano na mlinda mlango wao, wote wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, juu ya barafu ya urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, iliyozungushiwa kuta zinazofika kiunoni. Kwamba kumgonga mwenye kisahani kwa bega au kwa nyonga ni halali maadamu sheria zimefuatwa. Na kwamba mchezaji hakai barafuni ila kwa muda usiotimia dakika moja, kisha hutoka kupumua na mwenziwe akaingia. Hata kwetu Afrika Mashariki si mchezo mgeni kabisa, kwani Nairobi imepata kiwanja cha barafu ndani ya hoteli tangu 2005, ingawa ni kidogo kuliko kipimo cha kimataifa, na Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024. Lakini soko la vijana ninalokusudia kulieleza liko mbali na ikweta.

Soko hilo limo hasa katika ligi tatu za Kanada, yaani ya Ontario, ya Magharibi, na ya Quebec pamoja na majimbo ya pwani ya Atlantiki, ambamo vijana wa miaka 16 hadi 20 hucheza michezo zaidi ya 60 kwa msimu, wakisafiri kwa basi usiku kucha baina ya miji iliyofunikwa na theluji. Ligi Kuu, iitwayo NHL, huteua vijana kila mwaka kwa duru saba, timu 32 zikichagua kwa zamu na zilizo dhaifu zikitangulizwa; desturi hii ilianza Montreal mwaka 1963, na tangu 1975 ligi yenyewe ina idara yake ya kuwapima chipukizi, mbali na wasaka vipaji walioajiriwa na kila klabu. Kijana huingia katika uteuzi akiwa ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba. Aliyezaliwa siku moja baadaye husubiri mwaka mzima. Tarehe hiyo yafaa ikumbukwe, maana tutairudia.

Kinachomhadaa mtazamaji kwanza ni umbo. Wavulana hurefuka kwa kasi zaidi wafikiapo miaka 14 hivi, lakini huo ni wastani tu, na katika timu moja utamkuta aliyebalehe akiwa na miaka 12 pamoja na aliyechelewa mpaka 16, wote wakihesabiwa kuwa marika. Yule wa kwanza, mwenye kimo cha sentimita 185 na kilo 85 ilhali wenziwe wangali na mabega ya kitoto, hupitisha miaka mitatu au minne akiwashinda kwa uzito wake, na kila bao afungalo humfundisha kwamba bega latosha. Hapana aliyemlazimisha kujifunza kugeuka ghafla, wala kuinua kichwa kabla ya kupokea pasi, wala kukificha kisahani nyuma ya mguu. Siku atakapokutana na mabeki watu wazima, wenye kilo 95 kila mmoja, ile tofauti iliyompa sifa itakuwa imekwisha, wala hatakuwa na akiba nyingine ya kutumia. Ndiyo sababu msaka vipaji mwerevu huuliza habari za wazazi na kaka za kijana, vimo vyao na maumbo yao, na tangu lini yeye alianza kurefuka. Haulizi kwa udadisi, bali kwa kutaka kujua kama nguvu aionayo mbele yake ni ya kudumu au ni ya kutangulia tu.

Kisha kuna kalenda, ambayo ni adui asiyeonekana. Nchini Kanada watoto hupangwa katika makundi ya umri kwa kuhesabu tangu tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa mwezi huo hushindana na wa Desemba akiwa amemzidi karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka tisa au kumi mwaka ni jambo kubwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha jinsi wazaliwa wa miezi ya mwanzo walivyojazana katika ligi za vijana. Na mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake wakawachunguza Wakanada walioteuliwa na NHL baina ya 1980 na 2007, wakakuta kwamba zaidi ya thuluthi yao walizaliwa katika robo ya kwanza ya mwaka, ilhali wa robo ya mwisho hawakufika sudusi. Lililofuata lilikuwa la ajabu zaidi: waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka waliteuliwa nyuma kwa zaidi ya nafasi 40 ya pale walipostahili kwa kazi waliyokuja kuifanya, na uwezekano wao wa kufikia michezo 400 au alama 200 (kila bao au pasi ya bao ikihesabiwa alama moja) ulikuwa karibu maradufu ya ule wa wenzao wa robo ya kwanza. Watu wenye tajriba ndefu, wanaolipwa kwa kazi hiyo, walikuwa wakinunua miezi wakidhani wananunua kipawa. Na watafiti hao hawakuona dalili kwamba kosa lenyewe lilipungua kadiri miaka ilivyopita.

Basi itazamwe nini? Mimi ningeanza na miguu. Atelezaye vizuri huyakunja magoti sana, akausukuma mguu kwa upande mpaka unyooke, na hatua yake moja humpeleka mbali. Atelezaye vibaya husimama wima akapigapiga barafu kwa hatua fupi, vishindo vingi na mwendo haba. Zihesabiwe hatua tatu za kwanza tangu asimame, kwa kuwa mbio ndefu hupendeza macho, lakini mapambano mengi huamuliwa katika mita tano. Kijana aliyerefuka ghafla aweza kuonekana mzito kwa msimu mmoja au miwili, kwa sababu mwili umemtangulia, na huyo astahili kusubiriwa. Lakini aliye mzito kwa kuwa vifundo vyake havikunjiki na makali ya viatu hayamtii, huyo mwalimu wake ni mgumu kupatikana.

Baada ya miguu, ukuta. Sehemu kubwa ya kazi ya mshambuliaji wa nguvu hufanyika pembezoni, mgongo wake ukiwa kwa beki na kisahani kikiwa baina ya miguu yake na mbao, na hapo ndipo ustadi hutengana na uzito. Mwenye uzito mtupu husukuma. Mwenye ustadi hupita kama hamali mwenye gunia katika kichochoro, akijua bega lipi alitangulize na nyonga ipi aigeuze, ili nguvu ya anayemsukuma imsaidie kutoka. Yatazamwe macho yake kabla hajafika ukutani: je, amegeuza kichwa kumwangalia beki ajaye nyuma yake na mwenziwe aliye wazi? Kijana atazamaye mara mbili kabla ya kukigusa kisahani huwa amekwisha kuamua la kufanya wakati asiyetazama angali akipigwa. Hili halitegemei kilo wala mwezi wa kuzaliwa, na kwa hiyo ndilo ninaloliamini kuliko mabao.

Mbele ya goli pana mtihani wa tatu, nao ni wa mkono. Si kila asimamaye pale na kumziba mlinda mlango macho ni hodari. Swali ni kama gongo lake hubaki chini juu ya barafu hali akipigwa mgongoni, na kama aweza kukigeuza kwa ncha ya gongo kisahani kilichopigwa kutoka mbali. Kosa la mtazamaji mgeni ni kukifuata kisahani kwa macho, hata akamwona kijana wake kwa sekunde chache tu za usiku mzima. Msaka vipaji humfuata mtu, hasa wakati kisahani kiko upande wa pili: ajionee jinsi anavyorudi kulinda, anavyotoka barafuni akiwa amechoka, na atendavyo baada ya kugongwa vibaya.

Hesabu za mabao zina mahali pake, lakini yataka hadhari. Kwa kipimo alichokieneza mwanahesabu wa mchezo huu Gabriel Desjardins, mchezaji apataye alama moja kwa kila mchezo katika ligi za vijana za Kanada hutazamiwa kupata thuluthi ya alama au pungufu kidogo afikapo NHL, na kwa washambuliaji wengi hesabu hiyo hukaribia kweli. Mshambuliaji wa nguvu ndiye huivuruga. Milan Lucic, ambaye timu zote za Ligi ya Magharibi zilimwacha walipoteuliwa wavulana wa rika lake, alifunga mabao tisa tu katika michezo 62 ya msimu wake wa uteuzi, na Boston ikamchukua wa 50 mwaka 2006. Msimu uliofuata akafunga 30 na kuwa mchezaji bora wa mashindano ya Kombe la Memorial, la mabingwa wa zile ligi tatu za vijana, ambalo timu yake ya Vancouver Giants ililitwaa. Tom Wilson naye alikuwa na mabao tisa katika michezo 49 alipochaguliwa wa 16 na Washington mwaka 2012. Misimu yake minne ya mwanzo katika NHL ilimpa mabao matatu, manne, saba na saba, na waliomkebehi walikuwa wengi. Akanyanyua Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mwaka 2018, na katika msimu wa 2024-25 akafunga 33.

Kinyume chake ni Cam Neely, ambaye hakuna aliyehitaji darubini kumwona: alama 120 katika michezo 72 ya Portland, timu ya kwanza ya Marekani kulitwaa Kombe la Memorial, mwaka 1983, na akachaguliwa wa tisa na klabu ya NHL ya Vancouver mwaka huo huo. Kasoro haikuwa katika kumwona bali katika kumngoja. Misimu mitatu ilimpa mabao 51 kwa jumla, ambayo si haba kwa kijana asiyetimiza miaka 21, lakini klabu ilikuwa na haraka, na siku aliyotimiza umri huo, tarehe 6 Juni 1986, ikampeleka Boston pamoja na haki ya kuteua katika duru ya kwanza, ili impate Barry Pederson. Msimu wake wa kwanza huko akafunga 36, na katika 1993-94, hali goti na paja vimekwisha kuharibika, akafikisha mabao 50 katika mchezo wake wa 44. Sisemi kwamba kila klabu imwachiayo kijana huwa imepotea: Dallas ilimwachia Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, kabla hajaivalia jezi hata mara moja, Calgary ikapata nahodha wa miaka mingi na mabao 525 ya mkono wake, ilhali Dallas nayo ikampata Joe Nieuwendyk na kutwaa Kombe la Stanley mwaka 1999. Biashara ile iliwafaa wote wawili, jambo ambalo katika mchezo huu ni nadra.

Zimebaki dakika za adhabu na vipimo vya siha, na katika hivyo vyote viwili huwa sitii imani kubwa. Wilson alikuwa na dakika 141 za adhabu katika ile michezo 49, na Lucic 149. Yafaa kuuliza adhabu hizo zilitokana na kufika kwanza na kugonga kwa nguvu, au na kuchelewa na kumshika mtu kwa gongo, kwa kuwa ya pili ni kasoro ya miguu iliyovaa vazi la ushujaa. Na ama vipimo, Sam Bennett wa Kingston, mwaka 2014, alishindwa kujivuta kwenye bomba hata mara moja mbele ya wakubwa wa klabu. Akateuliwa wa nne, na mwaka 2025 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mechi za mtoano za Kombe la Stanley akiwa na Florida, kwa mchezo wa migongano na mabao ya mbele ya goli.

Kwa hiyo ningependa kijana atazamwe katika mchezo wa tatu wa siku tatu mfululizo, ugenini, timu yake ikiwa nyuma kwa mabao manne, kuliko usiku wa sherehe nyumbani. Na ikiwa wawili wamelingana kwa kimo, kwa miguu na kwa mabao, mmoja amezaliwa Februari na mwingine mwishoni mwa Agosti, akiwa kwa ile tarehe ya Septemba miongoni mwa wadogo kabisa katika orodha nzima, mimi ningemwandika wa Agosti juu ya mwenziwe, na ningeiomba klabu impe miaka minne kabla ya kumdai hesabu.