Mtoto Aliyekamatwa Naye Ana la Kusema

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mnaokaa katika kota za askari, nitaanza na habari ya mvulana mmoja niliyepata kumfundisha. Kabla sijahamia kazi ya ofisi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa wilayani hapa Uganda. Mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka 13, darasa la sita, mwepesi wa hesabu na mzito wa kuamka asubuhi. Jumatatu hakuonekana darasani, wala Jumanne. Jumatano mchana mama mmoja muuza mihogo alinijia nje ya uzio wa shule akaniambia kwamba amemwona mtoto wetu akichungulia katika dirisha la kituo cha polisi.

Nilikwenda. Nikamkuta selo pamoja na wanaume watano, mmoja wao akituhumiwa kumchoma mwenziwe kisu. Kosa la mtoto lilikuwa kuokota vyuma chakavu ndani ya ua wa mkandarasi ili akaviuze. Askari aliyekuwa kaunta hakuwa mtu mkatili. Yapasa niseme hivyo kwa sababu ni haki yake: kwa siku zote tatu alikuwa akimnunulia mtoto yule mahindi ya kuchoma kwa fedha zake mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini mzazi hakupewa habari, alinijibu kwa unyenyekevu, "Mwalimu, depo nilifundishwa gwaride, bunduki na kuandika maelezo. Mambo ya mtoto sikufundishwa." Nikamgeukia mvulana nikamwuliza kwa nini hakusema kuwa mama yake anauza ndizi sokoni, mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza, Mwalimu."

Majibu hayo mawili sijayasahau. Sheria yetu ya Watoto ilikuwa imekwisha kutumika tangu mwaka 1997. Sheria hiyo ilipandisha umri wa mtu kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 7 hadi 12. Inataka mzazi ajulishwe mara mtoto anapokamatwa, na mtoto asihojiwe akiwa peke yake. Inakataza kumchanganya na watu wazima, na asipopewa dhamana haruhusu akae mikononi mwa polisi kupita saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Tena inampa askari uwezo wa kulimaliza shauri dogo kwa onyo, bila kwenda mahakamani kabisa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa na kupigwa chapa. Lakini yalikuwa hayajafika pale kaunta.

Nani basi angeweza kumfundisha askari yule? Wanasheria wanaweza, na wakufunzi wa chuo wanaweza. Ila yuko mtu mwingine ajuaye kwa hakika kinachotendeka kati ya kukamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu, naye ni kijana aliyepita humo. Nchi moja iliyothubutu kuwauliza vijana wa namna hiyo ni Afrika ya Kusini, na habari zake zastahili kusimuliwa kirefu.

Mwaka 1992, katika mji wa Robertson, mtoto wa miaka 13 aitwaye Neville Snyman alikamatwa pamoja na wenzake kwa kuvunja duka na kuchukua peremende na vinywaji. Akawekwa selo ya polisi. Humo ndani vijana wengine waliokuwa wamefungiwa pamoja naye walimpiga hata akafa. Nchi nzima ilishtuka. Watetezi wa watoto, mawakili na viongozi wa dini walianza kudai kwamba watoto watolewe katika mahabusu na magereza. Mwezi Mei mwaka 1994 Rais Nelson Mandela, katika hotuba yake ya kwanza kwa Bunge jipya, alitangaza kwamba mashtaka na kifungo viwe njia ya mwisho kabisa kwa mtoto aliyekosa.

Nia ilikuwa njema, lakini pupa nayo ina gharama. Mwaka 1995 sheria ilibadilishwa, na mamia ya watoto wakafunguliwa kwa ghafula wakati nyumba za kuwapokea hazijawa tayari. Wengi walitoroka, wengine wakarudia makosa, raia wakanung'unika. Mwaka 1996 serikali ililazimika kuruhusu tena kuwaweka rumande wale waliotuhumiwa kwa makosa mazito. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaohubiri huruma bila kuhesabu vitanda. Afisa wa polisi anayeuliza, "Nikimtoa selo nimpeleke wapi?" hatoi udhuru. Anauliza swali la kazi.

Baada ya funzo hilo kazi ilifanywa kwa utaratibu. Kamati ya Tume ya Sheria, ikiongozwa na mwanasheria Ann Skelton, ilianza kuandaa sheria kamili ya haki ya jinai kwa watoto. Na hapa ndipo walipofanya jambo ambalo serikali nyingi hazilifanyi. Mwaka 1999, mswada ukiwa bado rasimu, watoto wenyewe walikusanywa katika vikundi vidogo, baadhi yao wakiwa wangali kizuizini, wakaelezwa kwa lugha nyepesi kilichomo katika mswada na kuulizwa wanaonaje. Walisimulia jinsi walivyoshikwa na kutendewa na polisi. Walisema pia jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia: kwamba hawawaamini mawakili wanaolipwa na serikali, kwa kuwa mtoto hakuweza kuona tofauti kati ya mtu wa serikali anayemshtaki na mtu wa serikali anayemtetea. Mwalimu yeyote atalielewa hilo. Mtoto humpima mtu kwa jinsi anavyomsikiliza, wala haulizi cheo chake.

Maoni hayo yalizingatiwa wakati taarifa ya Tume ilipotayarishwa na kutolewa mwaka 2000. Lakini sheria yenyewe ilichelewa mno. Ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Kijana aliyekuwa na miaka 15 alipoulizwa maoni yake, alikuwa na miaka 26 sheria ilipoanza, pengine naye ana mtoto. Ni aibu kidogo kumwuliza mtu shauri kisha ukamjibu akiwa mzee.

Hata hivyo sheria iliyopatikana inagusa kazi ya askari hatua kwa hatua. Kwa makosa madogo mtoto hakamatwi ila kwa sababu nzito. Hupewa hati ya kumwita afike, mzazi akiwapo. Akikamatwa, mzazi ajulishwe, na afisa wa ustawi wa jamii apewe habari kabla ya saa 24 kupita. Shauri lichunguzwe mbele ya hakimu katika muda wa saa 48. Katika uchunguzi huo yaweza kuamuliwa kwamba mtoto asishtakiwe bali aombe radhi, alipe fidia, au ahudhurie shule chini ya uangalizi. Kituo kiwe na daftari maalumu la watoto waliozuiliwa, wavulana watengwe na wasichana, na mtoto anayelalamika kwamba ameumia apelekwe kwa mganga. Umri wa kushtakiwa ulipandishwa kutoka miaka 7 hadi 10, na mwaka 2022 ukafikishwa miaka 12, sawa na wetu.

Hiyo ni habari ya kutunga sheria. Kuhusu mafunzo yenyewe ya askari, mfano ninaoufahamu uko mbali zaidi, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani. Huko vijana wamepata kuingizwa ndani ya chuo cha polisi wakaketi darasani na makuruta. Kwanza hufanywa mazungumzo, vijana wakieleza yaliyowapata barabarani, na askari nao wakieleza hofu zao, maana askari naye huogopa. Kisha hufanywa maigizo: kundi la vijana limesimama pembeni mwa barabara, kuruta anakuja kuwauliza wanafanya nini. Baada ya hapo kila mmoja husema alichokisikia katika sauti ya mwenziwe. Makuruta hufundishwa pia kwamba akili ya kijana haijakomaa kama ya mtu mzima, na kwamba kijana akiona wenziwe wanamtazama atajibu kwa ujuvi hata kama moyoni anatetemeka.

Katika mji huohuo, mwaka 2014, Kevin Bethel, aliyekuwa naibu mkuu wa polisi wakati huo, alianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi mwenye kosa dogo la shuleni, asiye na rekodi ya makosa ya nyuma, asitiwe pingu, bali afisa wa ustawi aende nyumbani kwao kuwaona wazazi. Katika mwaka wa kwanza idadi ya wanafunzi waliokamatwa shuleni ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2024 Bethel alifanywa mkuu wa polisi wa mji mzima, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba upole huo ulimharibia kazi.

Najua yuko afande atakayesoma hapa akiwa na kikombe chake cha chai na kuguna, "Sasa vijana wahuni ndio watufundishe kazi?" La, afande. Amri ya kituo inabaki kwa mwenye amri, na aliyeua au aliyebaka hatapata onyo la mdomo. Lakini fundi viatu hakosi heshima kwa kumwuliza mvaaji ni wapi kiatu kinapobana.

Hapa kwetu mtu wa kuanzia hahitaji kutafutwa mbali. Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kimo tayari ndani ya polisi. Katika chuo cha Kabalye, Masindi, makuruta wangeweza kutengewa hata asubuhi moja ya kuwasikiliza vijana waliokwisha kupita rumande au Kampiringisa na sasa wameshika ufundi au masomo. Tena watoto wa kota zetu wenyewe wana mengi ya kusema, kwani wao humwona askari akiwa na sare na akiwa bila sare. Tahadhari ni mbili tu. Asiitwe kijana ambaye kesi yake bado inaendelea, asije akajifunga kwa maneno yake. Wala jina na picha yake visitolewe nje, kwa kuwa sheria inamlinda, na mama yake pia ana majirani.

Akina mama wa kota, nanyi msingoje depo. Mtoto wenu na afahamu kwa moyo jina kamili la mzazi wake, mahali anapofanya kazi na namba ya simu. Akikamatwa, kwa haki au kwa makosa, hayo ndiyo ya kutamka kwanza, kwa adabu, hata kama hajaulizwa. Nanyi mkipata habari msiende kituoni na kelele. Nendeni na karatasi ya kuonyesha umri wake: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, au kadi ya kliniki. Mtoto mrefu wa miaka 13 huandikwa 18 kwa kutazamwa kimo tu, na namba hiyo ikishaingia katika kitabu si rahisi kuifuta.

Mama yake yule mvulana alikuja jioni ile akiwa bado na aproni ya sokoni. Kadi ya kliniki alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na risiti za karo. Askari wa kaunta aliifungua taratibu, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole, kisha akaenda kumwita msimamizi wa kituo. Kabla ya saa moja mvulana alikuwa nje, amepewa onyo, na vyuma vya mkandarasi vimerudishwa. Tulipokuwa tukiondoka askari alituita turudi, akachukua kalamu, akamwuliza mvulana jina la mama yake.